Kwa nini si "Don't late"?

Mwalimu alinikata "Don't late", lakini "Don't run" akaipa vema. Tofauti ni nini? (Mwanafunzi, kidato cha pili)

"Run" ni kitenzi, "late" ni kivumishi. Kiswahili ndicho kinachotuponza hapa. Kwetu kuchelewa ni kitenzi kamili, kwa hiyo "usichelewe" inajitosheleza, sawa na "nyamaza" na "tulia". Kiingereza hali hizo huzieleza kwa kivumishi, na kivumishi hakiwezi kuamuru peke yake mpaka kishikwe mkono na kitenzi kishirikishi: "Be quiet", "Be patient", "Don't be late". Ukiwa na shaka, igeuze amri iwe maelezo. "You are late" inadai "are", basi amri yake itadai "be". "You run" haidai kitu.

Mbona basi hatusemi "Are careful"?

Amri ya Kiingereza hutumia kitenzi kikavu, kisichobeba alama ya nafsi wala wakati. Kwa "go" au "eat" huoni tofauti, maana "you go" na "Go!" zinafanana. "Be" ndiyo inayoumbua watu, kwa kuwa "am", "is" na "are" hazifanani nayo hata kidogo.

Tulikaririshwa kwamba "be" haichukui "do". Hakuna "I don't be tired". Sasa "Don't be" imetoka wapi?

Mlifundishwa vizuri, ila amri ina sheria yake: ikikanushwa, hata "be" huchukua "do". Zamani haikuwa lazima. Biblia ya King James ya 1611 ina "Be not afraid", na wahubiri bado wanaipenda. Wewe kwenye mtihani andika "Don't be afraid". Tena "do" huingia hata pasipo kukanusha, mtu anaposisitiza au kusihi: "Do be careful".

Ni "be" tu inayofanya kazi hii?

Hapana. Zipo "Stay calm", "Keep quiet", "Get ready", na ile ya kwenye ndege, "Remain seated". Baada yake weka kivumishi: ni "Stay safe", si "Stay safely". Hata "well" ya "Get well soon" ni kivumishi, maana yake mwenye afya. Hiyo, kwa umbo, ni amri kabisa, ingawa hakuna mgonjwa anayepona kwa kuamriwa. Waingereza huitumia kama dua.