Spea nyuma ya gari: majibu kwa wanaojitengenezea stendi ya kwenye tobaa

Tangu nieleze hapa jinsi nilivyoitoa spea chini ya gari langu na kuipachika nyuma, kwa stendi inayochomekwa kwenye tundu la mraba la tobaa (towbar, kile chuma cha nyuma cha kuvutia tela), maswali hayajakoma. Wengi mnataka kujitengenezea, kwa kuwa stendi za kununua zinatoka nje na bei yake inauma. Nawaelewa. Aliyewahi kulala chali kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua inanyesha, jeki inazama, na mnyororo wa spea umeganda kwa kutu, hahitaji kushawishiwa. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Swali: Fundi habari za kazi. Nina Land Cruiser 80, nimeiwekea matairi ya 315/75R16 na spea haiingii tena chini. Tobaa itaubeba uzito huo? (Msomaji, Morogoro)

Nzuri, ndugu yangu. Anza na mizani, hata ile ya kupimia magunia. Tairi la saizi yako pamoja na rimu ya chuma, niliyopima mimi yanacheza kwenye kilo 45. Stendi iliyotengenezwa kwa chuma cha kweli inafika kilo 25 au 30. Basi una kilo 75 zinazoning'inia nyuma ya bampa.

Lakini ekseli ya nyuma haitazihisi kama 75. Land Cruiser 80 ina milimita 2,850 kutoka ekseli hadi ekseli. Tairi likikaa mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma, gari linakuwa kama ubao wa bembea: ekseli ya nyuma inapokea kama kilo 112, na zile 37 zilizozidi zimenyanyuliwa kutoka mbele. Toa hesabuni spea ya zamani, maana nayo ilikaa nyuma ya ekseli, ila yenyewe ilikuwa karibu zaidi na nyepesi zaidi. Kama springi zako za nyuma zilishalala, utauona usukani umekuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Shughulikia springi kwanza.

Kuhusu tobaa yenyewe, soma kibandiko chake. Kina namba mbili: uzito wa tela linalovutwa, na uzito unaoruhusiwa kukandamiza chini pale mpira (kile kichwa cha duara kinachoshika tela) unapokaa. Inayokuhusu ni hiyo ya pili. Nayo tairi lako litakaa nyuma zaidi ya mpira, na gari likidunda shimoni zile kilo 75 kwa nukta moja zinavuta kama mara mbili au tatu yake. Ndiyo maana mimi sivuki nusu ya namba hiyo. Tobaa isiyo na kibandiko, ingia chini uikague: inatakiwa ishike reli zote mbili za chesisi kwa bolti za daraja la nguvu 8.8, kipenyo cha milimita 12, zisizopungua tatu kila upande. Ukikuta imeshikwa kwenye bampa, usiendelee na mpango huu mpaka uibadilishe.

Swali: Shikamoo fundi. Jirani yangu anachomelea mageti na madirisha. Anasema stendi hii kwake ni kazi ya asubuhi moja. Nimpe? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Mpe, kama atakubali kuyaacha mabomba yake ya mageti dukani.

Simdharau jirani yako. Mtu anayechomelea kila siku ana mkono kuliko mimi. Tatizo ni kwamba geti limesimama mahali pamoja miaka yote, na bomba lake mara nyingi ni la unene wa milimita 1.5. Linatosha kabisa kwa geti. Stendi ya spea inatikiswa maelfu ya mara kwa saa moja kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, na chuma chembamba hakivunjiki siku ya kwanza wala ya pili. Kinachoka polepole, kinapasuka ufa mdogo kama unywele, halafu siku moja kinaachia. Kinachoniogopesha ni gari linalokufuata nyuma siku hiyo, au pikipiki.

Bomba linaloingia kwenye tundu la tobaa liwe la milimita 50 kwa 50, unene 5. Mkono unaobeba tairi, ule unaofunguka kama mlango, usipungue unene wa 4. Bamba la kufungia rimu, 6. Ukifika dukani usikubali kuambiwa kwa mdomo tu. Mita moja ya bomba la 50 kwa 50 lenye unene wa 5 ina uzito wa karibu kilo 7. Lile la 1.5 ni kilo 2 na kitu. Ukilinyanyua utajua bila kuwa na kipimo mfukoni.

Kisha kuna rodi za kuchomelea. Mageti huchomelewa kwa rodi za E6013, nyingi za milimita 2.5. Kwa kazi hii mimi natumia E7018 za milimita 3.2, mashine ikiwa kwenye ampea 120 hivi. Rodi hizi zinataka ukavu. Zikiachwa wazi karakana ya pwani au kando ya ziwa zinanyonya unyevu, na unyevu huo unaingiza hidrojeni kwenye mshono, mshono unapasuka baadaye ukiwa umeshapakwa rangi. Kama jirani yako hana namna ya kuzikausha, bora E6013 iliyochomwa vizuri kuliko E7018 iliyolowa. Bomba likiwa la mabati, mwambie aikwangue zinki yote kwa grenda sehemu ya kuchomea, na afanye kazi hiyo penye upepo. Moshi wa zinki unaleta homa ya kutetemesha usiku mzima.

Hapa nina deni la kukueleza lililonipata. Stendi yangu ya kwanza ilipasuka njiani baada ya Engaruka, tukielekea Ziwa Natron. Mshono ulikuwa mzima. Ufa ulikaa pembeni yake, upande wa juu wa bomba, pale nguzo ya stendi inaposimama. Tairi linapoelemea nyuma, upande wa juu wa bomba ndio unaovutwa, na mimi nilikuwa nimeupitishia mshono mkavu moja kwa moja bila kuweka chochote cha kuusaidia. Juu ya hapo nikausaga kwa grenda mpaka ukawa laini kama kioo, kwa kutaka sifa. Nilipunguza chuma pale pale kilipohitajika. Tangu siku ile kila kona ya nguzo naweka mabamba ya pembetatu ya milimita 6, kushoto na kulia, yakitambaa ubavuni mwa bomba ili mzigo usambae. Na mishono naiacha na tumbo lake.

La mwisho kwa jirani: ichomeleeni stendi ikiwa imetolewa garini. Ikilazimu kushikiza pointi mbili tatu gari likiwepo ili kupata vipimo, toeni kwanza waya wa hasi wa betri, na mjue tanki la mafuta liko wapi.

Swali: Stendi yangu imetulia lakini inapiga kelele kokoto kokoto njia nzima. Mke wangu amekataa kupanda. (Msomaji, Dodoma)

Haijatulia, ndugu. Tundu la tobaa ni la inchi 2, yaani milimita 50.8, na bomba la dukani ni 50. Ile nafasi ndogo iliyobaki ndiyo inayogonga, na kila kugonga kunakula chuma na kupanua tundu la pini. Pini nene ya milimita 16 inazuia stendi isichomoke tu, haizuii kucheza.

Dawa yake: toboa ubavu wa bomba linaloingia ndani, uchomelee nati ya milimita 16 kwa ndani, kisha pini yenyewe iwe bolti inayokaza bomba dhidi ya ukuta wa tundu. Tena mkono ukiwa umefungwa, mwisho wake ulale juu ya kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tairi kuukuu, ukigusa kwa nguvu kidogo. Stendi ya bomba moja la katikati itaendelea kunesa kushoto na kulia kwenye njia mbaya. Mikanda miwili ya rachet kutoka pembe za stendi hadi kwenye ndoano za chesisi inamaliza hilo.

Swali: Nifungue kwa upande gani, na bawaba niitengeneze kwa nini? Bawaba ya geti haitoshi? (Msomaji, Iringa)

Haitoshi. Tafuta habu (kitovu cha gurudumu) ya tela ndogo pamoja na shina lake, hata iliyotumika, mradi mahali pa beringi hapajaliwa. Ndani yake mna beringi mbili za koni zinazotazamana, na hizo ndizo zinazoweza kubeba mzigo unaoning'inia pembeni bila kulegea. Shina lisimame wima. Nati yake ikaze huku ukizungusha habu, kisha irudishe kidogo sana na uifunge kwa kota pini, ile inayokunjwa ncha isichomoke. Grisi ya kutosha, kofia juu, na sili nzuri, kwa sababu vumbi la nyuma ya gari ndilo baya kuliko yote.

Upande: sisi tunaendesha kushoto, tunaegesha kushoto. Mimi naweka bawaba kulia na kuweka kizuizi ili mkono usifunguke zaidi ya nyuzi 90. Unaposhusha mizigo barabarani unasimama upande wa mtaro, na tairi linakuwa kati yako na magari yanayopita. Ila kama mlango wako wa nyuma unafunguka kwa ubavu, fuata upande wa bawaba za mlango, la sivyo kila siku utagombana nao. Usisahau pini ya kuushikilia mkono ukiwa wazi. Gari likiegeshwa mteremkoni, kilo 45 zinazojifunga zenyewe zinavunja mkono wa mtoto.

Kuhusu komeo, lisibebe uzito. Mkono unapofungwa ukwee kidogo kwenye kabari, uzito ulale hapo, komeo livute tu. Na liwe na pini ya usalama ya pili.

Swali: Habari fundi. Towbar yangu haina lile boksi, ni ya mpira tu. Fundi wa hapa anasema atanitengenezea klempu ya kushika mpira. (Msomaji, Nanyuki)

Nzuri. Mkatalie. Mpira umetengenezwa ili tela lizunguke juu yake, na klempu yoyote kwenye kitu cha duara itazunguka ikitikiswa. Ondoa tobaa hiyo, tafuta yenye tundu la mraba, au ubaki na spea kwenye keria ya juu kwa sasa.

Swali: Trafiki hawatanisumbua? Tairi limeziba namba na taa ya breki ya katikati. (Msomaji, Tanga)

Watakusumbua, na hapo wana haki. Hamisha namba pamoja na taa yake ndogo ya kuimulika usiku, uiweke kwenye stendi mahali inapoonekana yote. Taa ya breki ya juu nayo iongezee nyingine katikati ya rimu. Taa ndogo ya LED na soketi ya tela vinatosha. Kamera ya kurudi nyuma itaona tairi tupu, nayo ihamishe. Angalia pia bomba la ekzosi lisielekee kwenye tairi.

Swali: Spea yangu ni ya rimu ya chuma, lakini nne zilizo chini ni za aloi. Stadi (bolti za kufungia rimu) na nati nitumie zipi kwenye stendi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali zuri, na linahusu zaidi ya stendi. Rimu nyingi za aloi za Toyota zinatumia nati zenye shingo iliyonyooka na washa bapa, wakati rimu ya chuma inataka nati ya koni. Nati ya washa haiwezi kuituliza rimu ya chuma katikati. Kwa hiyo kwenye stendi funga spea kwa nati za koni, na ujue kwamba siku ya pancha utazihitaji nati za koni zote za tairi zima, si tatu tu zilizoko nyuma. Weka seti kwenye mfuko wa jeki.

Kwenye bamba, stadi tatu zinatosha, zikiwa zimepimwa kwa rimu yako halisi. Hilux, Prado na Land Cruiser 80 zina nati 6 kwenye duara la milimita 139.7, Land Cruiser 100 na 200 zina 5 kwenye duara la 150. Usitoboe kwa kukisia. Laza rimu juu ya bamba uweke alama kwa rangi. Moja ya nati iwe ya kufuli.

Swali: Nimerudi kutoka Loliondo salama. Je, nikague nini? (Msomaji, Arusha)

Kwanza osha stendi yote, maana ufa haujionyeshi chini ya vumbi. Pitisha kucha pembeni ya kila mshono, hasa upande wa juu wa bomba karibu na nguzo na chini ya habu. Mstari mwembamba wa kutu unaotokeza kwenye rangi nzima ni ufa. Shika tairi kwa mikono miwili, saa 6 na saa 12, ulisukume na kulivuta. Likicheza, ama beringi imelegea ama tundu la pini limepanuka. Kisha ingia chini na spana ukazie bolti za tobaa. Mimi huzipaka mstari wa rangi nyeupe unaovuka bolti na chuma, mstari ukikatika najua bolti imezunguka.

Ukiukuta ufa, usiuchomelee juu juu. Usage hadi uupate mwisho wake, toboa tundu dogo mwishoni ili usiendelee kutambaa, ujaze mshono, halafu uweke bamba la pembetatu pale lilipokosekana. Na wakati stendi iko karakana, rudisha tairi ndani ya gari, lifunge kwa mikanda miwili nyuma ya viti.