Mama lishe mwenzangu, mafua ya miaka minne si mafua

Maharage yaliungua nikiwa nimeyainamia, na sikusikia harufu yoyote. Mteja ndiye aliyepiga kelele, "Mama, yanaungua!" Nikafunua sufuria, moshi ukanipiga usoni. Machozi yalinitoka, ila pua kimya. Hapo ndipo nilipokubali kwamba nina tatizo, kwani pua ilikuwa imeziba mwaka wa nne na kila niliyemweleza alinijibu: mafua hayo, au vumbi.

Usiku nililala mdomo wazi, nikaamka koo limekauka. Nilinunua matone ya kuzibua pua duka la dawa, nikayatumia miezi. Dada yangu, usifanye hivyo. Matone yale ni ya siku chache tu. Ukizidisha, pua huzoea, na ukiyaacha inaziba kuliko mwanzo.

Nilipofika kwa daktari wa masikio, pua na koo, aliingiza kamera nyembamba puani, akanigeuzia skrini nijionee. Vilikuwa vinyama vya pua (polipu): vilaini, vyeupe kwa ukijivu, vinateleza kama zabibu iliyomenywa. Akanitoa hofu: si saratani. Utando wa pua ukivimba kwa muda mrefu, huanza kuning'inia hivyo. Haviumi, ndiyo maana mtu hukaa navyo. Vyangu vilikuwa pande zote mbili, ambayo ndiyo kawaida yake. Pua ikiziba upande mmoja tu, au ikitoka damu, wahi hospitali, maana huenda ni kitu kingine.

Nikamuuliza vimetoka wapi. Hakunitajia chanzo kimoja. Pumu huambatana navyo sana. Vumbi na kemikali za kazini zimo kwenye orodha ya wanaoshukiwa. Kuhusu moshi, watafiti wa nchi za baridi, ambako watu huwasha kuni ndani ya nyumba, waliwahi kuona uhusiano kati ya majiko hayo na vinyama vya pua. Hilo halithibitishi kwamba mafiga ndiyo yaliyoniletea vyangu. Lakini nimechochea kuni na kupuliza mkaa tangu nina miaka kumi, na pua iliyokwisha kuvimba haifai kuongezewa moshi.

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Wanaume ndio wanaopata vinyama hivi zaidi, ila mwanamke akivipata mara nyingi huwa vizito, pamoja na pumu na mwili unaokataa asprini. Akaniuliza, "Ukiwa kwenye siku zako, unameza nini?" Nilinyamaza kidogo. Kila mwezi nilikuwa nameza ibuprofeni au diklofenaki, na kabla ya saa mbili kwisha kifua kinabana, pua inafunga kabisa. Miaka yote nilidhani ni hedhi yenyewe.

Dawa hizo ni ndugu wa asprini. Kwa mwenye vinyama na pumu ya namna hii zinaweza kuleta shambulio la kuua. Kwa hiyo mtajie daktari kila kidonge unachomeza, hata kile cha tumbo la mwezi unachoona aibu kukitaja, na asipouliza mwambie wewe. Wengi wetu tunavumilia parasetamo kwa dozi ya kawaida, lakini pata kwanza neno la daktari wako.

Nilipasuliwa kupitia puani, bila kovu usoni. Vinyama hupenda kurudi, hivyo kila siku naosha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa, kisha napuliza puani dawa ya steroidi, ile ya kupunguza uvimbe. Kupuliza nako kuna namna yake: inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, elekeza dawa upande wa sikio. Ukiielekeza kwenye ukuta wa katikati, unaweza kutoka damu.

Jiko la mkaa nimelitoa nje, chini ya mwembe, na chakula kingi sasa napika kwa gesi. Serikali ya Tanzania inataka asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo 2034, nami naunga mkono. Ila wewe usiyenusa, gesi ikivuja hutaijua. Mimi kila asubuhi, kabla ya kiberiti, napaka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kichwa cha mtungi nitazame kama linatoa mapovu, halafu namwita binti yangu anuse.