Grini ya Gofu Nyuma ya Nyumba: Pesa Yako Iweke Chini ya Nyasi

Tangu nijenge grini ya kuputi, yaani kieneo laini cha kusukumia mpira wa gofu taratibu hadi shimoni, nyuma ya nyumba hapa Kitengela, swali ninaloulizwa zaidi na majirani na wenzangu wa gofu ni moja: nyasi ulinunua wapi, na mita moja ni pesa ngapi? Mimi huwarudishia swali: udongo wa kwako ni wa aina gani? Mpira wa gofu unafuata kilicho chini ya zulia la nyasi bandia kuliko zulia lenyewe. Kama bajeti inabana, heri nyasi bandia za bei ya kati juu ya msingi uliofanywa sawasawa kuliko zile ghali zaidi dukani zikitandazwa juu ya udongo uliolainishwa kwa jembe.

Kwa nini kujisumbua kote huku kwa ajili ya kuputi? Chukua uwanja wa kawaida wa pa 72, yaani ule ambao mchezaji hodari hutarajiwa kuumaliza kwa mipigo 72. Mashimo ni 18, na hesabu ya pa hutenga mipigo miwili ya kuputi kwa kila shimo. Hiyo ni mipigo 36, nusu kamili ya pa. Lakini ukienda mahali popote pa mazoezi utakuta foleni ya watu wanaopiga draiva, fimbo ya kupeleka mpira mbali, kwa nguvu zao zote, na grini ya mazoezi iko tupu. Ukiwa na mita chache za kuputi nyumbani, dakika kumi na tano za jioni zinakupa mazoezi ambayo wengine huyapata wikendi tu.

Nyasi hai sikuzifikiria hata kidogo. Grini halisi hukatwa kwa mashine maalum hadi milimita 3 au 4, karibu kila siku, na inahitaji maji bila kukoma. Huku kwetu maji mengi huja kwa bauza, yale malori ya maji. Kumwagia grini maji ya bauza wakati kuna watu wanayahesabu kwa mitungi ni jambo ambalo moyo wangu haungelikubali.

Turudi kwenye udongo. Kitengela, Syokimau, Athi River na baadhi ya sehemu za Lang'ata zina ule udongo mweusi ambao mafundi huuita blaki kotoni. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukijenga juu yake, msimu mmoja wa mvua unatosha kukuinulia kilima katikati ya grini. Kwangu tulichimba hadi usawa wa goti ndipo tukakuta maramu, udongo wa changarawe unaoshindilika vizuri. Tuliondoa udongo mweusi wote, tukajaza maramu ya kuletwa na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Kazi hii ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya pesa, na leo ukifika hapa huioni hata chembe. Kama uko Ruiru au Kiambu kwenye udongo mwekundu, wewe una bahati: ondoa tabaka la juu lenye mizizi, shindilia, endelea.

Kabla ya kujaza chochote, pulizia dawa ya mchwa kama unavyofanya kwenye msingi wa nyumba. Mchwa hawataki plastiki yako, ila wataleta udongo juu na kukutengenezea vichuguu chini ya zulia.

Na fundi? Usimtafute mtu wa kutandaza zulia kwanza. Mtafute fundi wa kabro, yale matofali ya zege ya kutandika uani. Yeye ana kompakta, mashine ya kushindilia, anajua kuvuta uzi, anajua maji yataelekea wapi, na vumbi la kokoto amelifanyia kazi maisha yake yote. Wangu alisikiliza maelezo yangu yote kisha akasema, "Bosi, hii ni kabro bila kabro." Alikuwa amenielewa vizuri kuliko mtu yeyote niliyezungumza naye kabla yake.

Hesabu zenyewe si ngumu. Tuseme eneo lako ni mita 4 kwa 8, yaani mita 32 za mraba. Juu ya maramu unataka sentimita 10 za kokoto mchanganyiko, zenye punje kubwa, ndogo na vumbi lake, ili zishikane zinaposhindiliwa. Kokoto za saizi moja huteleza tu, hazikazi. Sentimita 10 kwa eneo hilo ni mita 3.2 za ujazo zikishashindiliwa, kwa hiyo agiza kama mita 4, karibu lori moja la tani 7. Juu yake weka sentimita 2 hadi 3 za vumbi la kokoto, lisilofika hata mita moja ya ujazo. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kila mzunguko wa kompakta. Vumbi kavu halishikani. Huo upana wa mita 4 sikuuchagua ovyo, kwa sababu marobota mengi ya nyasi bandia huja na upana wa mita 2 au 4. Ukitumia robota moja la mita 4 huna mshono hata mmoja, na mshono ndio unaoyumbisha mpira.

Miteremko ndiyo raha ya grini, lakini usizidishe. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita zinatosha kukufanya uusome mstari kabla ya kupiga. Kuzunguka shimo pawe tulivu kabisa, la sivyo mpira uliokosa utateremka hadi ukutani. Na yote haya yaundwe kwenye kokoto na vumbi. Usidhani utakuja kusukuma mchanga chini ya zulia baadaye ili kupata kimlima.

Ikifika hapa, simama. Zulia bado limekunjwa, na sasa ndiyo nafasi yako ya kujua ukweli. Chukua mpira na fimbo uputi juu ya vumbi lenyewe. Zamani viwanja vingi vya gofu vya sehemu kame za Afrika havikuwa na grini za nyasi. Vilikuwa na brauni, mchanga uliochanganywa na mafuta, na watu walicheza humo vizuri tu. Basi mpira utabingirika pia juu ya vumbi lako, tena utaacha alama. Inama uutazame mstari wake: palipo na shimo dogo mstari unapinda ghafla, palipo na kifundo unakatika kidogo kwa sababu mpira uliruka. Sisi tulikuwa tukiweka alama kwa chaki, fundi anakwangua au kuongeza konzi ya vumbi, anashindilia, tunaputi tena. Jua likiwa limeinama jioni, kila kasoro inajitoa yenyewe kwa kivuli chake. Baadaye mwaga maji kwa mpira wa kumwagilia bustani uone kama yanatuama popote.

Mashimo yawekwe wakati huu huu. Kipenyo rasmi ni milimita 108, na kina ni angalau milimita 101.6. Kipande cha bomba la majitaka la inchi 4, lile la 110, kinafaa kabisa: ndani yake ni pembamba kidogo kuliko kipimo rasmi, jambo ambalo litakufanya uwe makini zaidi. Kishike kwa zege pembeni, chini kiache wazi chenye kokoto ili maji yapite.

Sasa nyasi. Zile za kupamba zinazouzwa kila mahali, za milimita 30 au 40, hazifai kuputi. Mpira unazama na kusimama. Unataka za milimita 10 hadi 15, zilizobanana sana, za nailoni au polipropilini. Nenda dukani na mpira wako mfukoni na fimbo mkononi, uombe wakufungulie mita chache sakafuni. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Geuza zulia uangalie matundu ya maji mgongoni. Kisha lipapase uone majani yamelalia upande gani, kwa sababu mpira utakimbia zaidi ukienda na ulalo wake.

Zulia likishatandazwa na kupigiwa misumari pembeni, mwaga mchanga wa silika mkavu, mwembamba na wa punje za duara. Mwaga kidogo kidogo, piga ufagio mgumu dhidi ya ulalo, rudia. Mchanga ukiongezeka, kasi ya mpira inaongezeka. Fanya kazi hii Januari, Februari au kati ya Julai na Septemba, maana mchanga wenye unyevu haushuki kati ya majani.

Kasi ipimwe, isikisiwe. Mmarekani Edward Stimpson alibuni kifaa cha kupimia kasi ya grini mwaka 1935, na fundi wa chuma anaweza kukutengenezea kinachofanana nacho: mfereji wa umbo la V wenye urefu wa sentimita 91, na kijishimo cha kukalisha mpira sentimita 76 kutoka mwisho. Kiinue taratibu hadi mpira ujiachie, kwenye nyuzi kama 20. Pima kwa futi umbali ambao mpira umebingirika, rudia upande wa pili, tafuta wastani. Futi 8 hadi 10 ni kama grini nyingi za klabu siku ya kawaida.

Pembeni jenga ukingo wa zege, hasa kama bustani yako ina kikuyu grass. Nyasi hiyo hutambaa kwa nguvu na itaingia chini ya zulia bila huruma. Jiko la nyama choma likae mbali. Cheche moja ya makaa inatoboa. Saa saba mchana mwezi wa pili zulia huchoma nyayo, kwa hiyo watoto wacheze asubuhi au jioni.

Vipande vilivyobaki usivitupe wala usivifungie stoo. Viache nje juani, mahali popote pembeni mwa boma. Siku utakapohitaji kiraka, vitakuwa vimepauka sawa na grini yenyewe.