Mafuta ya maandazi na misitu ya Borneo

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mjane, nauza maandazi na kalimati hapa Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa kidato cha tano ameniambia mafuta ninayonunua ya kupima yanatoka kwenye michikichi ya Indonesia na Malaysia, ambako misitu, kama ile ya kisiwa cha Borneo, huchomwa ili kupata mashamba. Sasa hali maandazi yangu, anasema ni haramu. Nilimuuliza mhadhiri mmoja, akanijibu kuwa hayo ni mambo ya wazungu, Mwenyezi Mungu ametuumbia vyote vilivyomo ardhini, nikaange tu. Moyo haujatulia. Nina dumu zima ndani, nilimwage?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mama yangu, riziki yako ni halali. Mafuta ni safi, umeyanunua kwa pesa yako, na nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Kijana amekosea kulitamka neno haramu, kwani Suratun Nahl, aya ya 116, inatukataza kusema hiki halali na hiki haramu kwa ndimi zetu tu.

Lakini lililonifanya nijibu ni maneno ya huyo mhadhiri, maana nayasikia mara nyingi na yananiuma. Ameisoma aya ya 29 ya Suratul Baqara akaishia hapo. Angesoma aya inayofuata, angekuta Allah anamtangaza khalifa wa ardhi, na Malaika wanauliza: utamweka humo atakayefanya ufisadi na kumwaga damu? Vipi aya ya neema igeuzwe kibali cha kuchoma? Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 205, anashutumiwa mtu anayeangamiza mimea na viumbe, na Allah hapendi ufisadi. Abu Bakr, Allah amridhie, alipoagiza jeshi Sham (Syria ya leo na jirani zake), alikataza kukata miti yenye matunda. Hiyo ni vitani! Leo msitu ufyekwe kwa ajili ya biskuti, sabuni na rangi ya midomo, kisha mwenye ilimu aseme halituhusu?

Eti mambo ya wazungu. Mwaka 2015 moto uliteketeza takriban hekta milioni 2.6 Indonesia, na sehemu ya moto huo iliwashwa ili kusafisha mashamba. Ardhi ya mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza, iliwaka chini kwa chini, moshi ukawafikia watu wa Singapore na Malaysia. Waliovuta moshi huo kwa wingi ni Waislamu wenzetu. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikwisha kutoa fatwa mwaka 2014 ya kuharamisha kuwaua wanyama walio hatarini kutoweka, na mwaka 2016 ikaja fatwa juu ya uchomaji wa misitu. Hao nao ni wazungu? Tena mhadhiri wetu anatawadha kwa maji ya Mto Zigi, yanayoteremka kutoka misitu ya Amani. Mtu wa Tanga ndiye wa mwisho kusema msitu haumhusu.

Mama, usidhani basi nakutwisha wewe Borneo nzima. Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Dhambi kubwa iko kwa anayewasha moto, mwenye kampuni anayejua na kunyamaza, na mtawala anayetoa kibali. Hata kusema kila mtu ahamie alizeti ya Singida si rahisi: mchikichi hutoa mafuta mengi zaidi ya alizeti mara kadhaa katika hekta moja, kwa hiyo shida ni pale unapopandwa, kwenye msitu wa asili badala ya ardhi iliyokwisha kulimwa. Ukipata alizeti au ya nazi kwa bei unayoimudu, nunua. Usipoimudu, huna dhambi.

Ninalokuomba zaidi ni juu ya mkaa unaokaangia, maana nao hutoka kwenye miti. Hapo una sauti kuliko kwenye mafuta, kwa sababu aliyekuletea gunia unamjua kwa jina. Muulize umekatwa wapi. Jiko linalokula mkaa kidogo litakupunguzia na gharama.

Na kijana usimgombeze, ana moyo hai. Mwambie kula chakula cha mama yake na kumsaidia kukanda unga alfajiri ni katika wema aliousiwa, na nguvu ya hasira yake aipeleke kwenye kupanda: hapandi Muislamu mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huwa ni sadaka yake. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim.

Dumu usilimwage, ni israfu. Kaanga, uza, walishe wanao. Wallahu aalam.