Kaka anataka hati za kontena langu

*Shangazi, nimerudi Arua, Uganda, baada ya miaka 16 Leicester, Uingereza, nikitunza wazee wa watu. Nilitua Entebbe siku 61 zilizopita, na kontena langu la futi 20 ndiyo kwanza limeshuka Mombasa. Kaka yangu, ambaye miaka yote hiyo ndiye aliyemwangalia mama, amepata "kijana wa bandarini". Huyo anataka pasipoti yangu, hati halisi ya shehena na milioni nne za kuharakisha. Nikikataa, kaka ataona simwamini. Mama naye anataka kontena liingie kijijini zima zima, watu waone. Binamu zangu wameshagawana friza na makochi kwa simu. Nifanyeje? – Mrudi, Arua*

Mwanangu Mrudi, karibu nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale: hati halisi. Usiitoe. Ile si risiti ya duka. Ndiyo anayoidai wakala wa meli kabla hajaachia mzigo, na ukishaisaini mgongoni ukamkabidhi mtu usiyemjua, umemkabidhi vyombo vyako vyote. Pasipoti mpe wakala wa forodha nakala; ikitakiwa yenyewe, nenda nayo mwenyewe.

Hizo milioni nne nazo, muulize kijana risiti yake itaandikwaje. Ushuru una risiti. Gharama za bandari zina risiti. "Kuharakisha" sijawahi kuiona risiti yake.

Halafu huenda unaogopa ushuru ambao hudaiwi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe anayerudi kuishi nyumbani, kwa nguo zake na vyombo alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Ila viwe mali yake mwenyewe, na viingie ndani ya siku 90 tangu alipowasili. Tangu alipowasili yeye, mwanangu, meli ina hesabu zake! Umebakiwa na siku 29. Zikipita, nyongeza anaitoa Kamishna, naye hawezi kuvuka siku 360 tangu ulipowasili. Mimi ningeandika barua ya kuomba nyongeza wiki hii hii, hata kama haitahitajika.

Katika orodha uliyoniambatishia nimeona televisheni mbili ambazo hazijatolewa kwenye maboksi, na mizigo minne ya rafiki yako wa kanisani kwa ajili ya dada yake wa Koboko. Vitu hivyo huwezi kuviita vyombo ulivyokuwa ukivitumia. Viandike kwenye orodha ya peke yake, ulipe kinachodaiwa, na huyo wa Koboko alipie vyake. Ukivificha kati ya mablanketi, afisa akivikuta ataanza kutilia shaka na mablanketi yenyewe.

Kazi ya kutoa mzigo itafanywa na wakala wa forodha mwenye leseni. Majina yao Mamlaka ya Mapato, URA, huyatangaza. Chagua, piga simu kwa watatu, kila mmoja akupe bei kwa maandishi. Waulize pia ukaguzi wa forodha utafanyika wapi na siku za bure za kontena zinaisha lini, maana zikiisha unalipia kila siku inayopita.

Sasa mama. Namwelewa, miaka 16 ameulizwa na majirani, "Binti yako anafanya nini huko?" Lakini kontena ni la kampuni ya meli, wewe umeliazima, na umeliwekea dhamana. Likienda Arua, ni karibu kilomita 500 kutoka Kampala kupitia Karuma na Pakwach, kisha litarudi tupu kwa pesa yako. Lishushiwe Kampala baada ya forodha kumaliza, vitu vipakiwe kwenye Fuso lenye bodi iliyofunikwa. Fuso likipiga honi getini kijiji kitatoka tu, mama asiwe na wasiwasi. Na asitokee mtu wa kusema lifunguliwe Malaba mpakani ili shemeji wa Tororo achukue chake njiani: mzigo unaopita hufungwa lakiri ya kielektroniki inayofuatiliwa safari nzima. Ikiguswa, utajieleza wewe.

Hapa ndipo kaka anapoingia. Mtu aliyemwangalia mama miaka 16 humwambii "simwamini rafiki yako". Mwambie hivi: "Kaka, karatasi zina jina langu, acha nihangaike nazo mimi. Ila siku ya kupakia Kampala sitaki mtu mwingine isipokuwa wewe." Andika namba kwenye kila boksi, yeye ashike daftari, apande na dereva, ahesabu tena Arua. Dereva apewe nusu mwanzo na nusu baada ya hesabu. Na kaka apatane na vijana wa kushusha kabla gari halijafika. Mimi niliwahi kupatana nao gari likiwa limeshasimama getini na mawingu yamefunga. Nililipa mara mbili, na kabati langu bado lina kovu.

Kumbuka pia kumlipa kaka. Nauli, chakula, na kitu cha mfukoni.

Waliogawana kwa simu usiwajibu kwa simu. Friza ni yako. Plagi za Uingereza ndizo hizi hizi zetu na umeme ni ule ule, itawaka bila adapta. Nadhani wanalijua hilo, ndiyo maana sijasikia aliyeomba sahani. Kabla Fuso halijafika, chagua wewe nani atapata nini, anza na kaka, na uwape wengine vitu vidogo siku hiyo hiyo, mbele ya mama. Makochi yaingie ndani kwanza, mlango ufungwe, ndipo chai itengwe.