Maswali yenu: presha ya mimba, mimba kutoka, na hivi vipimo vya kinga ya mwili

Safari hii maswali mengi yamegusa jambo moja, kinga ya mwili na ujauzito, naona hivi vipimo vya kinga sasa hivi vinatajwa sana hapa mjini. Mimi natokea maabara kwa hiyo nitaongelea zaidi vipimo na tafiti, matibabu yenyewe ni ya daktari aliyekushika na kukupima.

MAMA KIJACHO, MBAGALA: Nina wiki 31, mimba ya kwanza. Juzi kliniki presha ilikuwa 150 kwa 100, miguu imevimba, mama mkwe anasema ni kawaida mtoto akiwa wa kiume. Shangazi yuko Uingereza anasema kuna kipimo cha damu kinaonyesha kama utapata kifafa cha mimba. Hapa kwetu kipo?

Mdogo wangu, kabla ya kipimo cha shangazi naomba leo hii, sio kesho, urudi kituoni wakupime presha tena na wapime mkojo. Miguu kuvimba peke yake kweli inawapata wengi, ila 150 kwa 100 sio kawaida ya mtoto yeyote awe wa kike awe wa kiume. Baada ya wiki 20, presha ikifika 140 kwa 90 inabidi ifuatiliwe, ikiambatana na protini kwenye mkojo tunaongelea kifafa cha mimba kinachoanza, hata kama hujawahi kudondoka wala kutetemeka. Ikifika 160 kwa 110 hiyo ni dharura. Na kama kichwa kinagonga hakiachi, unaona maruweruwe, unaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu upande wa kulia, uso umevimba ghafla, unapumua kwa shida au mtoto amepunguza kucheza, usisubiri asubuhi, panda bajaji hata kama ni saa nane usiku.

Sasa kipimo chenyewe, kipo kweli na sayansi yake ni nzuri. Kondo la nyuma linatoa kitu kinaitwa PlGF ambacho kinasaidia mishipa ya damu ikae vizuri, halafu linatoa kingine sFlt-1 ambacho kinaikamata ile PlGF isifanye kazi. Mwaka 2003 watafiti wa Boston wakiwa na Ananth Karumanchi walionyesha kwamba wenye kifafa cha mimba wana sFlt-1 nyingi kupita kiasi, na hiyo ndo inaumiza mishipa ya mama, figo zinavuja protini, presha inapanda. Maabara wanagawanya sFlt-1 kwa PlGF. Mwaka 2016 utafiti mmoja mkubwa ulionyesha jibu likiwa 38 au chini, uwezekano kwamba hutapata tatizo ndani ya wiki moja ijayo ni zaidi ya asilimia 99. Marekani walikuja kuruhusu kipimo cha aina hiyo 2023. Angalia kinachofanya vizuri hapo, ni kumtoa mtu wasiwasi kwa siku chache zijazo. Kikija juu ndo unafuatiliwa kwa karibu zaidi, basi.

Hapa kwetu sio kipimo cha kliniki za kawaida. Lakini wewe presha yako imeshajionyesha, kwa hiyo hata ungekuwa huko kwa shangazi bado wangeanza na mashine ya presha na mkojo. Na dawa ya kuzuia degedege lenyewe, magnesiamu salfeti, sio dawa ya matajiri. Ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, majibu yakatoka 2002, ikapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Nalisema hili kwa msisitizo manake watu wanafikiri kinachookoa ni kile cha mbali, wakati mama anapotea kwa sababu presha haikupimwa au ilipimwa akaambiwa rudi mwezi ujao. Tena ukishajifungua usijione umemaliza, inaweza kuja hata ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua.

BABA, TEGETA: Mke wangu mimba tatu zimetoka zote kabla ya miezi mitatu. Sehemu moja wametuambia kinga yake inamkataa mtoto, wanataka wapime seli za NK halafu apewe dripu ya mafuta, hela ndefu sana. Tukope?

Pole sana kaka, na mpe pole mkeo, tatu ni nyingi kwa mtu mmoja kubeba. Msikope kwanza.

Hilo wazo la kinga kumkataa mtoto halikuokotwa barabarani. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza Peter Medawar aliuliza swali ambalo bado linafanyiwa kazi, inakuwaje mwili wa mama hautupi mtoto wakati nusu ya mtoto ni ya baba, yaani ni mgeni kabisa, wakati figo ya mtu mwingine ukiwekewa bila dawa mwili unaikataa. Jibu lililojengeka miaka yote hii ni kwamba kinga ya mama haijalala na wala haipigani, inafanya kazi kwa kushirikiana. Zile seli za NK jina lake linatisha kweli, ni seli za kuua, ila zilizopo kwenye mji wa mimba kazi yake kubwa ni kusaidia mishipa ya damu ipanuke mtoto apate chakula. Na za kwenye damu ya mkono ni tofauti na za kwenye mji wa mimba, kwa hiyo mkeo akitolewa damu mkononi wakahesabu NK, hiyo namba haisemi kinachoendelea ndani. Ile dripu ya mafuta nayo haijathibitishwa kuzuia mimba kutoka, vyama vikubwa vya madaktari wa uzazi Ulaya havishauri itolewe hivi hivi nje ya utafiti. Mtu akikuuzia kitu cha utafiti kama vile ni tiba iliyokamilika, na wewe uko kwenye majonzi, mimi hilo linaniuma sana.

Sasa kuna kipimo cha kinga ambacho kwa mkeo ni cha kweli, na hicho ndo mkaulizie kwa daktari bingwa wa wanawake. Kuna ugonjwa mwili unatengeneza antibodi, yaani silaha za kinga, zinazofanya damu igande ovyo, mpaka kwenye kondo. Wanapima tatu, lupasi antikoagulanti, antikadiolipini na antibodi za beta-2 glikoprotini, na zikitoka positivu lazima zirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, manake homa tu au maambukizi yanaweza kuzipandisha kwa muda. Mkipima mara moja mkaanza dawa mnaweza mkawa mnatibu kivuli. Ikithibitika tiba ipo, aspirini kidogo pamoja na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kuna utafiti wa London wa 1997, waliopewa aspirini peke yake 42 kati ya 100 walipata watoto hai, waliochanganyiwa na heparini wakafika 71. Hicho ndo kipimo cha maana, jibu lake linabadilisha kitu utakachofanyiwa. Pamoja na hicho muombe ultrasaundi ya mji wa mimba, sukari, na tezi ya shingo. Na msisahau mimba nyingi za mwanzo zinatoka kwa sababu kromosomu za kijusi hazikukaa sawa, mkeo hakukosea chochote, hakubeba ndoo nzito wala hakurogwa, na hata baada ya tatu wengi wanakuja kupata mtoto bila dripu yoyote.

BILA JINA, KIMARA: Nesi aliandika kwenye kadi "kinga" na akasema seli zangu zimepanda. Nimelia usiku kucha, nina ngoma?

Dada yangu, maneno hayo peke yake hayamaanishi una ngoma, kipimo cha VVU kina jina lake na majibu yake unaambiwa kwa faragha na unaelezwa. Seli nyeupe za damu kupanda ni kawaida ya ujauzito, ESR, kipimo cha kasi ya chembe za damu kushuka kinachotumika kutafuta uvimbe au maambukizi mwilini, nayo inapanda sana kiasi kwamba kwa mjamzito haina msaada mkubwa. Rudi umuulize alimaanisha nini, ni haki yako kusomewa kadi yako mwenyewe. Na neno kinga wanaliandika pia kwa chanjo ya pepopunda.

MAMA WAWILI, KIGAMBONI: Damu yangu ni O negativu, mume wangu positivu. Wa kwanza alizaliwa salama, sikuchomwa sindano yoyote. Nina mimba ya pili miezi minne.

Hapa kinga inahusika moja kwa moja. Mtoto wa kwanza akiwa positivu, damu yake kidogo huingia kwako wakati wa kujifungua, mwili wako unaweza ukatengeneza antibodi dhidi yake, huyo wa kwanza hazimgusi, zinamsubiri wa pili. Nenda wakupime kama umeshatengeneza, kipimo kinaitwa kumsi isiyo ya moja kwa moja, maabara ukisema "indairekti kumsi" watakuelewa. Kama bado hujatengeneza, unachomwa anti-D, sindano ya kuzuia mwili usizitengeneze, wiki ya 28, na ukishajifungua mtoto akiwa positivu unachomwa tena ndani ya masaa 72. Hata mimba ikitoka uliza. Anzeni kuulizia sasa inapatikana wapi na shilingi ngapi, manake sindano hii sio kila duka la dawa wanayo na wakati wa uchungu sio wakati wa mume kuzunguka Kariakoo. Kama umeshatengeneza tayari, anti-D haisaidii tena, utafuatiliwa hospitali kubwa mtoto asiishiwe damu.

DADA WA SINZA: Nimeolewa mara ya pili. Wa kwanza sikuwa na presha, huyu wa sasa imepanda. Wifi anasema mume mpya analeta presha, ni kweli?

Wifi hajakosea kabisa, ila asilitumie kukusema. Kifafa cha mimba kinapenda mimba ya kwanza, na tafiti zilionyesha mwanamke akibadilisha mwenza hatari inapanda tena. Mwaka 1994 daktari Pierre-Yves Robillard kule Guadeloupe aligundua wanaopata mimba muda mfupi tu baada ya kuwa pamoja wanapata zaidi kuliko waliokaa muda mrefu, maelezo yakawa kwamba kinga ya mama inahitaji muda wa kuzizoea mbegu za huyo baba. Halafu 2002 wenzetu wa Norwei wakaja na takwimu za nchi nzima wakasema wengi waliobadilisha mwenza walikuwa pia wamekaa miaka mingi bila kuzaa, na ukihesabu hiyo miaka, kosa la mume mpya linapotea. Mimi naona vyote viwili vina nafasi, na kwako havibadilishi kitu. Pima presha kila ukienda kliniki.

MWANACHUO, GONGO LA MBOTO: Dada yangu kaombwa kliniki atoe damu na kondo la nyuma kwa ajili ya utafiti. Nyumbani wamekataa, wanasema vinauzwa.

Naelewa woga wa nyumbani, kondo kwetu linazikwa kwa heshima. Ila nikwambie kilichotoka kwa akina mama waliokubali. Muheza kule Tanga, kina mama walichangia kondo zao baada ya kujifungua, na mwaka 2006 ikaandikwa kwamba wenye mimba ya kwanza wakiwa na malaria iliyojificha kwenye kondo, presha inapanda, na ile ile sFlt-1 niliyomwambia wa Mbagala inapanda nayo. Mdudu wa malaria anajibandika kwenye kondo, mama wa mimba ya kwanza hana antibodi za kumbandua, mimba zinazofuata anazo. Ndo maana msikatae zile dozi za SP za kukinga malaria mnazomezeshwa kliniki mbele ya nesi. Uganda nao, Annettee Nakimuli na wenzake wa Makerere na Cambridge walipima kina mama wa hospitali ya Mulago, 2015 wakaonyesha kuna jeni za seli za NK ambazo Waafrika wanazo Wazungu hawana, na zinamkinga mama na kifafa cha mimba. Hilo lisingejulikana kwa kupima Wazungu peke yao, na hapo ndo naona kwa nini damu zetu ziwemo. Hapa hapa Dar wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza walishiriki utafiti wa kalsiamu, majibu 2024, miligramu 500 kwa siku ilizuia kifafa cha mimba sawa tu na 1,500, maana yake vidonge vichache na gharama ndogo kwa serikali.

Lakini dada yako asikubali kwa kuburuzwa. Aombe fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, asome ina kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, aulize damu inakaa wapi, itasafirishwa nje au la, majibu atapewa, na akijitoa katikati huduma yake ya kliniki inabaki pale pale. Wakisita kujibu hayo, akatae.

MAMA MAPACHA, TEMEKE: Mimba iliyopita nilipata kifafa cha mimba, sasa nina mapacha wiki 12. Ninunue aspirini ndogo mwenyewe?

Usinunue mwenyewe, ila nenda wiki hii hii, manake wewe ndo hasa inakuhusu. Utafiti wa 2017 kwa wanawake 1,776 wenye mimba ya mtoto mmoja walio kwenye hatari, miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka ya 36, waliopata kifafa cha mimba cha mapema walishuka kutoka asilimia 4.3 mpaka 1.6. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri 75 kwa walio kwenye hatari kama wewe, ianzwe kabla ya wiki 20. Daktari aangalie kwanza kama una vidonda vya tumbo, pumu au tatizo la damu kutoganda, halafu akuandikie kiasi chako. Ukifika useme mwenyewe mapema kwamba uliwahi kupata, usisubiri waulize, kama kadi ya zamani bado unayo ibebe.