Umeme hauchemshi maji ya kwenye mafuta
Hapana ndugu, unayedhani umeme huchemsha maji yaliyomo ndani ya mafuta ghafi ili kuyaondoa: kwenye tangi lile hakuna kuchemsha. Umeme hutumika kuunganisha matone ya maji. Mafuta ghafi hayapitishi umeme vizuri, ila maji yenye chumvi yaliyotawanyika ndani yake yanapitisha. Ukiweka volti maelfu kwa maelfu kati ya nondo mbili za chuma (elektrodi) ndani ya tangi, kila tone linakuwa na upande chanya na upande hasi, na matone jirani yanavutana mpaka yanaungana. Tone kubwa linazama haraka: kipenyo kikiongezeka mara mbili, mwendo wa kuzama unaongezeka mara nne. Uzito wa maji unamaliza kazi, umeme umeharakisha tu. Kigumba, chuo cha mafuta cha Uganda, tulifundishwa hivyo, na ujanja wenyewe ni wa zamani, mwanakemia Cottrell wa California aliupatia hataza mwaka 1911.

Lakini umeme peke yake hautoshi. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo lazima yapashwe moto kwanza, na kwa kawaida huongezwa dawa ya kulegeza utando unaozunguka matone. (Labda huo moto ndio uliokufanya udhani maji yanachemshwa.)

Volti zikizidi mno, matone yanapasuka tena na kuwa madogo zaidi. Na maji yakiwa mengi sana yanajipanga kama mnyororo kutoka nondo hadi nondo, shoti! Ndiyo maana maji mengi hutolewa kabla, kwenye tangi la kutenganisha la kawaida.